Mti Uliochorwa kama Duara

Mwaka 1925, kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa za mapambo jijini Paris, msanifu Robert Mallet-Stevens alitakiwa kuandaa bustani, na badala ya kupanda miti aliijenga. Ndugu wawili wachongaji, Jan na Joël Martel, walimtengenezea miti minne ya zege. Kila mmoja ulikuwa na shina lililosimama wima, na pale ambapo mtazamaji angetarajia kuona matawi palikuwa na mabamba bapa yaliyopishana kwa pembe kali. Watu walicheka, wachora vibonzo wakapata cha kuchora, na maonyesho yalipokwisha miti ile ikaondolewa. Nilipoiona picha yake kwa mara ya kwanza nami nilicheka. Siku hizi siicheki tena, kwa sababu naona kwamba wale ndugu wawili walitamka hadharani tamaa ambayo wasanifu wengi wa mandhari wa karne ya 20 waliificha ndani ya michoro yao, yaani tamaa ya kuwa na mmea unaotii.

Tamaa hiyo naifahamu. Anayejifunza kuchora ramani za bustani hufundishwa mapema kwamba mti ukitazamwa kutoka juu ni duara lenye nukta katikati. Nilichora maduara hayo kwa bikari kwa muda mrefu, nikiyapanga kwa umbali ulio sawa na kufurahia jinsi karatasi ilivyopendeza, mpaka siku mwalimu wangu aliponiuliza duara lile lilikuwa la mti wa umri gani. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora mti wa miaka thelathini kando ya ukuta ambao ungekamilika mwaka ule ule, na chini yake nilikuwa nimeorodhesha vichaka vinavyopenda jua. Kwa hiyo bustani yangu ilikuwa na makosa ya aina mbili: kwa miaka kumi ya mwanzo isingekuwa na kivuli, na baada ya hapo vichaka vyake vingekufa kwa kukosa mwanga.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma bustani za usasa, yaani zile za wasanifu hao wa karne ya 20, kwa swali hilo moja. Kwa kawaida historia yake husimuliwa kama historia ya zege, chuma na kioo kutoka nje ya nyumba na kuingia katika uwanja, na simulizi hiyo si ya uongo, ila inaacha upande ulio mgumu zaidi. Wasanifu wale waliuchukua mmea nao wakaugeuza kuwa nyenzo ya ujenzi, nyenzo yenye kimo, upana, unene wa kivuli na rangi ya kudumu, kisha ikawabidi waishi na nyenzo inayokua, inayougua na inayokufa.

Mwanzo wake ulikuwa wa pupa. Katika maonyesho yale yale ya Paris, Gabriel Guevrekian alitengeneza bustani ya pembetatu yenye vidimbwi vya pembetatu na mpira wa kioo uliozunguka na kuwaka kwa umeme. Muda mfupi baadaye akabuni bustani nyingine ya pembetatu huko Hyères, kusini mwa Ufaransa, iliyogawanywa katika viwanja vidogo vya mraba kama ubao wa sataranji, na ndani ya baadhi ya viwanja hivyo yakapandwa matulipu. Picha zake zinavutia mno. Lakini tulipu huchanua kwa wiki chache tu, na mtu akitumia ua kama rangi ya kujazia mraba, hana budi kujiuliza mraba huo utajazwa na nini katika miezi iliyobaki.

Fikra zilizokomaa zaidi zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika chuo kikuu cha Harvard nchini Marekani, wanafunzi watatu wa usanifu wa mandhari, Dan Kiley, Garrett Eckbo na James Rose, walichoshwa na mafunzo yaliyowataka wanakili mhimili, yaani mstari mkuu wa katikati, na ulinganifu wa bustani za kale, ilhali katika idara ya usanifu wa majengo, ambako msanifu wa usasa kutoka Ujerumani, Walter Gropius, aliwasili mwaka 1937, hewa ilikuwa imekwisha kubadilika. Nchini Uingereza, Christopher Tunnard alikuwa akitetea mambo yanayofanana na yao. Walichokubaliana, kila mmoja kwa namna yake, ni kwamba mmea uchaguliwe kwa umbo lake zima na kwa kazi unayoifanya mahali ulipo, na kwamba uhaba wake au uzuri wa ua lake vije baadaye.

Wa kwanza kunishawishi alikuwa Kiley. Mwaka 1945 alikuwa jeshini, akapewa kazi ya kusanifu chumba cha mahakama ya Nuremberg, Ujerumani, walikoshtakiwa viongozi wa Wanazi, na alipokuwa Ulaya alizitembelea bustani za Ufaransa zilizopangwa na André Le Nôtre katika karne ya 17. Inashangaza kwamba mtu aliyeasi mhimili wa kale alirudi nyumbani akiwa na mapenzi ya safu zilizonyooka, lakini alizitumia kwa njia tofauti kabisa. Katika bustani ya familia ya Miller mjini Columbus, Indiana, iliyokamilika mnamo mwaka 1957 pamoja na nyumba iliyobuniwa na Eero Saarinen, nyua za mimea zilifanya kazi ya kuta na miti ikafanya kazi ya nguzo, kana kwamba nguzo za chuma za nyumba ziliendelea kutembea hadi nje. Upande wa magharibi aliweka ujia wenye safu mbili za miti ya gleditsia, na mwishoni mwake ikasimama sanamu iliyotengenezwa na Henry Moore.

Uteuzi wa gleditsia unastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana hapo ndipo fikra hiyo inapoonekana ikifanya kazi. Jani la mti huu limegawanyika katika vijani vingi vidogo, hivyo mwanga hupenya na nyasi zilizo chini yake huendelea kuishi, na kivuli chake huchezacheza sakafuni badala ya kulala kama doa zito. Vijani hivyo vikipukutika, vingi hutawanyika na kupotelea katika nyasi, kwa hiyo kazi ya kufagia hupungua. Mti huvumilia ukame, chumvi na udongo ulioshindiliwa, na ingawa ule wa porini una miiba mirefu ya kutisha kwenye shina, ipo aina isiyo na miiba. Nisomapo sifa hizi huona kana kwamba nasoma karatasi ya vipimo vya tofali au nondo, na sisemi hivyo kwa kejeli. Msanifu aliuliza mti unapitisha mwanga kiasi gani, unavumilia nini na unahitaji matunzo gani, kisha akaupanda.

Mti huo huo ulitumika katika Paley Park, uwanja mdogo wa New York uliosanifiwa na kampuni ya Robert Zion na kufunguliwa mwaka 1967. Eneo lake ni takriban mita za mraba 390 tu, limebanwa kati ya majengo marefu, na vitu vilivyomo vinahesabika kwa vidole: maporomoko ya maji ya mita 6 kwenye ukuta wa nyuma, mimea inayotambaa juu ya kuta za pembeni, sakafu ya vipande vya itale, viti vinavyohamishika, na gleditsia zinazochomoza moja kwa moja kutoka sakafuni. Maji yanameza kelele za magari. Matawi yanaweka dari inayopitisha anga, na mtu aliyeketi chini yake haoni tena urefu wa majengo yanayomzunguka. Sijui bustani nyingine ya usasa iliyopata mengi namna hiyo kwa vitu vichache namna hiyo.

Gharama ya njia hii huonekana baadaye. Safu ya miti ya aina moja, iliyopandwa siku moja, huzeeka pamoja, na mti mmoja ukifa pengo lake huonekana kama jino lililong'oka. Katika bustani ya Miller, baada ya nusu karne hivi, miti ya ule ujia ilikuwa imedhoofika, ikaondolewa yote na kupandwa upya kwa pamoja. Mkarabati wa jengo hubadilisha jiwe moja lililooza na kuyaacha mengine, lakini mkarabati wa bustani kama hii akibadilisha mti mmoja mmoja atapata safu ya vimo mbalimbali, na usawa wa vimo ndio uliokuwa wazo lenyewe. Nakubaliana na uamuzi wa kuikata yote, ingawa sikubaliani nao kwa furaha. Zaidi ya hayo lipo suala la maradhi, kwa kuwa ugonjwa unaopenda aina moja ya mti hukuta meza imeandaliwa pale ambapo aina hiyo imepandwa peke yake. Kuvu lililoangamiza miti ya mielmi ya Ulaya na Marekani katika karne ya 20 lilikuwa funzo tosha, na bado safu za aina moja ziliendelea kupandwa.

Nikigeukia nyenzo zisizo na uhai, zege ndilo lililopendwa kuliko zote, na sababu yake ni rahisi kueleweka, kwani humwagwa kwa umbo lolote na hukubali alama ya ubao uliolishika lilipokuwa bichi. Msanifu wa mandhari Lawrence Halprin alilitumia hivyo mjini Portland, Oregon, katika chemchemi mbili za umma za miaka ya 1966 na 1970, ambamo maji huporomoka kwenye ngazi na majabali ya zege yaliyotokana na michoro aliyoichora katika milima ya Sierra Nevada. Hata hivyo zege jipya si jirani mwema wa kila mmea. Maji yanayopita juu yake huchukua chokaa na kuipeleka kwenye udongo, udongo ukapoteza asidi yake, na mimea inayotegemea asidi huanza kuwa na majani ya njano kwa kushindwa kupata madini ya chuma. Sakafu yake huzuia maji na hewa kufika kwenye mizizi, na mizizi nayo, ikikosa nafasi chini, huinua bamba na kulipasua. Kwenye mchoro, ukingo kati ya zege na udongo ni mstari mmoja mwembamba wa kalamu.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na sakafu ya mbao ya bustani ya Donnell kuliko bwawa lake la kuogelea, ingawa ni bwawa lililoipatia umaarufu. Thomas Church aliisanifu bustani hiyo mwaka 1948 huko Sonoma, California, akiwa na Halprin miongoni mwa wasaidizi wake. Bwawa lina mipindo laini inayokumbusha vijito vya nyanda za chumvi zinazoonekana ng'ambo, na katikati yake imesimama sanamu iliyotengenezwa na Adaline Kent. Watu wakaiga umbo hilo kila mahali mpaka likachosha. Pembeni, hata hivyo, kuna mialoni iliyokuwapo kabla ya bustani, na sakafu ya mbao za msekwoya imetobolewa ili mashina yapite katikati yake. Mialoni ya eneo lile haipendi kushindiliwa udongo wala kumwagiliwa sana wakati wa kiangazi, kwa sababu mizizi yake huoza. Sakafu inayoelea juu ya ardhi, yenye nafasi kati ya ubao na ubao, huwapa watu mahali pa kuketi bila kuisumbua mizizi. Nyenzo na mmea vilichaguliwa kwa pamoja hapo, kila kimoja kikizingatia hali ya mwenzake.

Alumini aliyoitumia Eckbo katika bustani yake mwenyewe jijini Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa udhamini wa kampuni iliyokuwa ikitafuta soko jipya la madini hayo baada ya vita, naitaja kwa upesi tu. Vivuli vya wavu wake vilikuwa vizuri, ila sioni kwamba ilibadilisha uhusiano wa bustani na mimea.

Mien Ruys wa Uholanzi anastahili nafasi kubwa zaidi kuliko anayopewa kwa kawaida. Alizaliwa mwaka 1904 katika familia yenye kitalu cha mimea huko Dedemsvaart, na tangu mwaka 1924 alianza kutengeneza bustani za majaribio mahali hapo, akijaribu kila kitu kwanza kwenye ardhi yake: mimea inayovumilia kivuli, mimea inayostahimili udongo mzito, mabamba ya zege yaliyooshwa juu ili kokoto zionekane. Mistari ya bustani zake imenyooka na ni michache, lakini ndani ya mistari hiyo mimea ya kudumu inaachwa imwagike na kuzivuruga kingo. Alitumia pia mataruma ya reli yaliyokwisha muda wake kujengea kingo na ngazi, kwa kuwa yalikuwa imara na rahisi kupatikana, na yakapendwa kiasi kwamba Waholanzi walimpa jina la utani la Mien wa Mataruma. Mataruma hayo yalikuwa yamelowekwa katika kreosoti ili yasioze, dutu ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa hatari kwa afya, na sheria za Ulaya zikazuia matumizi yake katika bustani za nyumbani. Simlaumu, maana alikuwa akijaribu, na jaribio halina maana ikiwa haliwezi kushindwa.

Nimemweka Roberto Burle Marx nyuma ya wengine kwa makusudi, ingawa alianza kazi kabla ya wengi wao. Alizaliwa Brazil mwaka 1909 na alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mtu wa bustani. Akiwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi aliishi Berlin kwa muda, na huko, ndani ya nyumba za kioo za bustani ya mimea ya Dahlem, aliiona mimea ya nchi yake ikitunzwa kama hazina, wakati bustani za matajiri wa Brazil zilijaa mawaridi na mimea mingine ya Ulaya. Kisa hiki kimesimuliwa mpaka kikachakaa. Nakirudia kwa sababu ya yale aliyoyafanya Recife kuanzia mwaka 1935, alipotengeneza uwanja mmoja wa umma wenye madimbwi ya mimea ya majini, likiwamo yungiyungi kubwa la Amazon, na mwingine wenye madungusi kakati ya nyika kame ya kaskazini mashariki mwa nchi. Katika viwanja hivyo mmea haukuwa umetolewa kwao na kuwekwa peke yake kama pambo, kwani ulikuja na wenzake unaoishi nao. Katika miaka ya 1940 alifanya kazi na mtaalamu wa mimea Henrique Lahmeyer de Mello Barreto, ambaye alimwonyesha jinsi mimea, mawe na udongo wa mahali pamoja vinavyotegemeana.

Mtu anayeona michoro yake ya rangi tu, kwa mfano ule wa bustani ya paa la wizara ya elimu na afya mjini Rio de Janeiro wa mwaka 1938, anaweza kudhani kwamba ni Guevrekian mwingine aliyebadilisha pembetatu kwa mipindo. Tofauti iko katika kinachojaza mipindo hiyo. Burle Marx alipanda mamia ya mimea ya aina moja kwa pamoja ili ionekane kama doa moja la rangi, lakini rangi aliyoitegemea zaidi ilikuwa ya majani, ya zambarau, ya kijivu, ya kijani kibichi au yenye mabaka, ambayo hudumu ua linapokuwa limeanguka. Kwenye paa alikabiliana pia na uzito, maana mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa hukaribia tani 2, kwa hiyo kina cha udongo huamua kimo cha mmea, na mmea huamua mchoro.

Sakafu zake nazo zilifuata fikra hiyo hiyo. Kando ya ufuo wa Copacabana mjini Rio, katika kazi iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitumia ufundi wa Kireno wa vipande vidogo vya mawe, vyeupe, vyeusi na vyekundu, vinavyopangwa kwa mkono juu ya mchanga kwa urefu wa takriban kilomita 4. Sakafu ya namna hiyo ikibomoka mahali, fundi hung'oa vipande, akasawazisha mchanga na kuvirudisha vile vile. Mbele ya jumba la sanaa ya kisasa la mji huo huo alichora mawimbi kwa kutumia ukoka wa rangi mbili. Hapo fundi hana mapumziko, kwa kuwa mpaka kati ya nyasi na nyasi hauheshimiwi na nyasi zenyewe, na wimbi lisipokatwa mara kwa mara hupotea.

Mwaka 1949 alinunua shamba nje ya Rio, akakusanya humo mimea aliyoipata katika safari zake, na kujengea kuta kwa mawe ya itale yaliyotokana na majengo ya zamani yaliyobomolewa. Shamba hilo, alilolikabidhi kwa serikali mwaka 1985 na ambalo UNESCO ililiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, lina zaidi ya spishi 3,500. Humo aliweza kuutazama mmea kwa miaka kadhaa kabla ya kuupeleka uwanja wa umma. Mwalimu wangu angelipenda sana jambo hilo.

Msanifu wa Mexico, Luis Barragán, alikwenda upande mwingine. Kuanzia mwaka 1945, kusini mwa Mexico City, alianza kujenga kitongoji cha El Pedregal juu ya lava iliyomwagwa na volkano ya Xitle zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Wengine waliiona ardhi ile kuwa haifai kitu. Yeye aliacha miamba ilipo, akapitisha kuta na ngazi katikati yake, na kuihifadhi mimea iliyoota yenyewe kwenye nyufa. Nyingi kati ya nyumba na bustani za mwanzo zimebomolewa au kubadilishwa, na leo picha zilizopigwa na Armando Salas Portugal ndizo zinazotuonyesha jinsi zilivyokuwa. Sehemu ya lava yenyewe inalindwa tangu mwaka 1983 ndani ya eneo la chuo kikuu. Barragán huyo huyo, alipoitwa na msanifu Louis Kahn kutoa ushauri kuhusu uwanja wa kati wa taasisi ya utafiti ya Salk huko California, alisema usipandwe hata mti mmoja. Kahn alikuwa amefikiria bustani. Akaifuta, akaweka sakafu ya mawe ya travertino na mfereji mwembamba wa maji unaoelekea baharini. Nadhani ni mtu aliyewahi kuiheshimu mimea ya nyufani tu ndiye aliyekuwa na haki ya kutoa ushauri huo.

Mwaka 1976, jijini Seattle, ofisi ya Halprin, chini ya uongozi wa kubuni wa Angela Danadjieva, ilikamilisha bustani ya zege na miti juu ya barabara kuu ya magari. Miti ilipandwa kwa wingi ili izuie kelele na vumbi, nayo ikafanya ilivyoombwa na zaidi: ilikua, ikafunga anga, na njia zilizojipinda kati ya kuta zikawa na giza kiasi kwamba watu waliogopa kupita, mpaka ikabidi baadhi yake ipunguzwe. Kuta za zege zilibaki na vipimo vyake vya mwanzo.

Burle Marx naye alipanda juu ya ardhi iliyotengenezwa, katika bustani ya Flamengo mjini Rio, iliyofunguliwa mwaka 1965 juu ya kifusi cha kilima kilichobomolewa na kumwagwa baharini. Miongoni mwa miti aliyoichagua, na ambayo si ya Brazil, ni talipoti, wa jamii ya minazi na mitende, ambao asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka. Talipoti hukaa miongo kadhaa bila ua, kisha hutoa shada moja kubwa kileleni lenye mamilioni ya maua madogo, huzaa matunda, na hufa. Burle Marx alifariki mwaka 1994 bila kuiona ile ya Flamengo ikichanua. Imeanza kuchanua katika miaka ya karibuni, na watu huenda na kusimama chini yake, wakiinua vichwa kutazama.